Kivuli Kilichoomba Kazi ya Afisa Elimu

Bi Subilaga aliamka siku hiyo akiwa ameshapiga kura yake moyoni. Wajumbe wengine wangesubiri usaili uishe, wasikilize, wapime, waandike alama zao. Yeye la. Alioga, akavaa gauni la kitenge cha kijani, akafunga kilemba, akatoka kwenda ukumbi wa halmashauri kumpa kazi marehemu mume wake. Unamlaumu? Mlaumu, kama hujawahi kumzika mtu halafu ukasikia kwamba sauti yake ipo na imeomba kazi mjini kwenu.

Wilaya ya Itelele ilikuwa inatafuta Afisa Elimu. Siku hizo kazi hiyo haikutamaniwa na mtu mwenye akili timamu. Walimu wakigombana, ni wewe. Choo cha shule kikititia, ni wewe. Watoto wakifeli, ni wewe tena, na sura yako inazungushwa kwenye kila simu wilayani. Akitokea mwenye moyo wa kuomba, watu hawaulizi amesoma wapi, wanauliza ni mpwa wa nani. Serikali ikachoka, ikaleta vivuli. Kiongozi bora wa shule akifariki, mafundi walikusanya kila alichowahi kusema kazini, vikao, hotuba za mstarini, maelekezo, simu za ofisini, wakatengeneza kitu kinachosema na kuamua kama yeye. Kitu hicho hakili, hakiugui, hakina mpwa. Kinaomba kazi kama mwombaji mwingine, kinasailiwa, kikishinda kinapewa ofisi.

Kikishindwa mara tatu, kinafutwa. Hapo ndipo penye uchungu. Zamani vivuli visivyo na kazi viliachwa tu, na watu wakawa wanaviendea kwa siri kuomba ushauri, mpaka kila ofisi ikawa na bosi anayeonekana na bosi asiyeonekana. Ikatungwa sheria. Sasa kivuli cha Mwalimu Asajile Mwambungu, mume wa Bi Subilaga, kilikuwa kimeshakosa kazi katika wilaya mbili za mbali, ambako watu hawakulijua hata jina lake. Hapa nyumbani ilikuwa nafasi ya mwisho. Akikosa, anafutwa jioni hiyo hiyo. Akipata, atawekwa ile ofisi ya chini karibu na soko, na Bi Subilaga ataweza kwenda kupanga foleni kama mwananchi yeyote na kumsikia akiongea. Alikuwa ameshapita miaka sabini. Hakutaka kitu kingine duniani.

Aliingia kwenye jopo kama mwakilishi wa wazazi. Mwenyekiti alikuwa Ndugu Kasyupa, mtu wa kanuni, shati limenyooka kama karatasi. Mjumbe wa tatu, Bwana Lwitiko, aliwakilisha walimu.

"Mwenyekiti, kabla hatujaanza natangaza maslahi," alisema Bi Subilaga, maana hakuwa mtu wa kuiba. "Mwombaji wa pili ni mume wangu. Kama inafaa nitoke, nitatoka."

"Kaa, Mama Tumpe," akasema Kasyupa. "Kanuni zinasema kivuli si mtu. Hakina mke, hakina mtoto, hakina ukoo. Ndiyo faida yake hiyo."

"Mimi ninaye mume, Mwenyekiti."

"Ulikuwa naye, mama, na tulimlilia wote. Na jamani, nawaomba, kwenye muhtasari tuandike 'kivuli kilisema', tusiandike 'Mwalimu alisema'. Tukianza kuchanganya ngeli tutachekwa mkoani."

Bwana Lwitiko akacheka kidogo, akaona mwenzake hacheki, akaacha. Bi Subilaga akakubali kwa kichwa. Mdomoni angesema "kilisema", lakini moyoni mwake aliendelea na "alisema", na hapa tutamfuata yeye kwa sababu msiba ni wake.

* * *

Mwombaji wa kwanza alikuwa mtu wa nyama na damu, Mwalimu Gwamaka Kibona, mkuu wa shule ya Lupando. Aliingia na koti linalombana kwapani, akasema, "Shikamoo mama, shikamooni wazee," akakaa ukingoni mwa kiti kama mgeni aliyekuja kuomba chumvi.

Usaili wake, tuseme ukweli, ulikuwa wa kusikitisha. Aliulizwa kuhusu upungufu wa walimu wa hesabu, akaanza vizuri, akapotea njiani. Aliulizwa angefanya nini na mkuu wa shule ambaye wazazi wamemkataa, akafuta jasho, akasema, "Naomba nifikirie kidogo." Kasyupa akatazama saa. Gwamaka akafikiri. Unajua kimya cha ukumbi wa halmashauri, kile ambacho hata feni inaonekana inakusema? Mwisho akasema, "Nadhani ningeenda kukaa nao kwanza, wazazi na yeye. Sijui ningeamua nini kabla ya hapo."

"Kwa hiyo jibu lako ni kwamba hujui," akasema Kasyupa.

"Kwa sasa, ndiyo, mheshimiwa."

Bi Subilaga alimwonea huruma, lakini kalamu haikumhurumia. Akampa alama za chini, na moyo wake ukatulia. Jambo lilikuwa linakwenda alivyotaka.

Ndipo Mhandisi Kokubanza akaingia. Alikuwa mwanamke wa makamo kutoka wizarani, mtaratibu, mwenye sauti ya muuguzi. Akaweka juu ya meza chombo cheusi cha ukubwa wa redio, akabonyeza, akarudi nyuma.

"Habari za asubuhi, ndugu wajumbe. Naitwa Asajile Mwambungu. Ahsanteni kwa kunipa nafasi hii."

Mungu wangu! Bi Subilaga alishika ukingo wa meza. Sauti ilikuwa ile ile, nzito kidogo, na ile namna yake ya kulivuta neno "ndugu" kabla ya kuanza jambo. Alikuwa amejiambia hatalia mbele za watu. Machozi hayakumsikiliza.

"Pole, mjumbe," ikasema sauti. "Kama mnahitaji muda, nipo."

Mwalimu hakumjua. Bi Subilaga alikuwa ameelezwa hilo tangu mwanzo: sheria ilikataza kuingiza mambo ya nyumbani kwenye kivuli, kisije kikapendelea ndugu. Mwalimu alijua tu kwamba aliwahi kuoa, basi. Kuelezwa ni jambo moja, jamani. Kuitwa "mjumbe" na mtu uliyemzalia watoto ni jambo lingine.

Majibu yake yalikuwa ya kutisha kwa uzuri. Alizijua shule zote za wilaya, paa lipi linavuja, daraja lipi huchukuliwa na maji, mwalimu yupi anafundisha masomo mangapi. Swali lilikuwa halijatua mezani, jibu limeshafika. Kuhusu mkuu aliyekataliwa na wazazi alisema, "Ahamishwe wiki hii, naibu akaimu, uchunguzi uanze Jumatatu." Kasyupa alikuwa anatabasamu kama aliyeletewa mahari. Hata Bwana Lwitiko, aliyekuja na nia ya kumtetea binadamu mwenzake, alikuwa anaandika haraka haraka.

Bi Subilaga ndiye pekee aliyeanza kusikia baridi mgongoni. Mwanzoni hakuelewa kwa nini. Kisha akaelewa: huyu mtu hajanyamaza hata mara moja. Mume wake alikuwa na hasira za karibu, asikudanganye mtu. Alifoka, aligonga meza, walimu walimkimbia koridoni. Lakini kila jambo zito lilipomfikia alikuwa na neno moja, na walimu walimtania kwa neno hilo mpaka anastaafu. Alisema, "Njoo kesho."

Lilikuwa neno lile lile unaloambiwa wewe na mimi kwenye kila dirisha la ofisi, na mtu anarudi zake kunywa chai. Kwake halikuwa chai. Alisema njoo kesho kwa sababu alijijua.

"Mjumbe wa wazazi, swali la mwisho ni lako," akasema Kasyupa.

Alikuwa ameandaa swali jepesi, la kumnyanyua, kuhusu chakula cha mchana shuleni. Akaliacha. Akasema, "Mwalimu kijana ametoweka kazini karibu wiki nzima. Hakuaga, simu hapokei, watoto wa mtihani wamekaa bila mwalimu. Akarudi, akasimama mbele yako, hasemi alikuwa wapi. Unafanyaje?"

"Afukuzwe kazi," akasema Mwalimu Asajile. "Ni utoro, na ni mwaka wa mtihani. Barua ningeiandika kabla hajatoka ofisini."

"Safi kabisa," akasema Kasyupa.

Bi Subilaga alitazama kile chombo cheusi. Kisa hicho hakukitunga. Kilitokea Lupando, Mwalimu Asajile alipokuwa mkuu wa shule pale, na kijana aliyetoweka alikuwa Gwamaka Kibona, huyu huyu aliyekuwa ameketi nje kwenye benchi akisubiri na koti lake la kubana.

* * *

Siku ile Mwalimu alirudi nyumbani amevimba kwa hasira. Bi Subilaga alikuwa jikoni anapukuchua maharage. Mume wake hakuvua hata viatu.

"Kesho naandika barua. Yule kijana simtaki tena shuleni kwangu."

"Ulimwambiaje?"

"Nilimwambia njoo kesho. Kesho ndiyo barua."

"Umemwuliza kwa nini?"

"Sababu gani hiyo itakayofaa, Mama Tumpe? Watoto wana mtihani!"

"Sijauliza kama inafaa. Nimeuliza kama umemwuliza."

Mwalimu alifoka, akala, akanuna, akalala. Asubuhi alipita njia ya nyumba za walimu badala ya kwenda shuleni moja kwa moja. Alimkuta Gwamaka na kichanga mgongoni, anapika uji, na mkewe amefungwa kwa kanga kwenye mguu wa kitanda. Mama yule alikuwa amejifungua salama, kisha akili ikamruka, hajitambui, mara mbili ametaka kumtupa mtoto. Gwamaka aliona aibu kumwambia mtu. Alipiga magoti, akaomba siri hiyo isitoke. Mwalimu akawapeleka hospitali ya mkoa mwenyewe, na vipindi vya kijana akavifundisha yeye mpaka mtihani. Shuleni alisema tu, "Nimempa ruhusa." Mke yule alipona. Gwamaka hakujua kamwe kwamba barua yake ilikuwa imezuiwa na usiku mmoja na bakuli la maharage.

Haya yote Bi Subilaga aliyakumbuka akiwa amesimama kwenye chumba kidogo cha mitambo, wakati wenzake wamekwenda kunywa chai.

"Mhandisi, mbona hasemi njoo kesho?"

Kokubanza akafurahi, maskini, alidhani anasifiwa. "Ah, hilo tulilitoa, mama! Tunachekecha rekodi zote. Tunaondoa kikohozi, umbea, siasa, na kauli za urasimu. Njoo kesho, mkubwa hayupo, faili halionekani. Wananchi wanazichukia mno."

"Na zile nyakati alipobadilisha mawazo? Jana anasema hivi, leo vile?"

"Hizo nazo zilitusumbua. Mashine inajifunza kwa kutazama sababu na uamuzi. Huyu alikuwa mkali ofisini jioni, asubuhi amekuwa mpole, na katikati hakuna kitu chochote kilichorekodiwa. Tulihesabu ni kuyumba, tukamnyoosha."

"Katikati alikuwa nyumbani," akasema Bi Subilaga.

Kokubanza akamgeukia. Alikuwa mtu mwelewa, na tabasamu lilimtoka polepole.

"Mrudishie hilo neno," Bi Subilaga akasema. "Nakuomba, mwanangu. Nione."

Mhandisi aliangalia mlango, akafanya kazi kidogo kwenye kioo chake. Kisha akampa ishara. Bi Subilaga akarudia kisa cha mwalimu mtoro, neno kwa neno.

"Njoo kesho," akasema Mwalimu Asajile.

Loo! Bi Subilaga alicheka huku analia. "Ifanye iwe kesho," akasema, na Kokubanza akaisogeza kalenda ya kivuli mbele kwa siku moja, jambo la kufumba na kufumbua.

"Nimerudi, Mwalimu. Ulisema nije kesho."

"Ndiyo. Afukuzwe kazi."

"Kwake kesho ni tarehe tu, mama," Kokubanza akanong'ona. "Halali, hana pa kwenda. Anasubiri, kisha anasema alichokuwa anasema."

Bi Subilaga akavuta kiti, akakaa karibu na chombo, karibu kama alivyokuwa akikaa jikoni. "Umemwuliza kwa nini?"

Kikapita kimya. Kilikuwa kimya cha kwanza siku nzima, na aliutambua mwili wote wa mume wake ndani ya kile kimya, mabega yake, kidole chake kinavyokuna kidevu.

"Sijamwuliza," akasema Mwalimu. "Hebu... hebu niende nikamwone kwanza."

Kama kuna furaha inayoumiza, ndiyo ile. Bi Subilaga alifunika mdomo kwa mkono. Alikuwapo! Chini ya kunyooshwa kote kule alikuwapo, na yeye ndiye aliyejua mlango wa kumtolea.

"Mwandikie hilo swali awe analiuliza mwenyewe," akasema.

"Naweza. Atamwuliza kila mtu kwa nini, na kila mtu atakuwa na sababu yake, mkweli na mwongo. Wewe ulikuwa unamwambia hivyo kila siku?"

"Hapana. Siku nyingine nilimwambia, huyo anakudanganya, mfukuze."

"Ulijuaje ni siku ipi?"

"Nilikuwa namtazama usoni anavyokula."

Kokubanza akatikisa kichwa taratibu. Hilo hakuwa na namna ya kuliandika. "Na hata hili mliloongea sasa halitabaki, mama. Sheria inafuta kila kinachotoka kwa ndugu. Labda..." Akaangalia mlango tena. "Labda uwe unakuja mwenyewe. Kila jioni, ofisi ikifungwa. Akuambie kesi za siku hiyo, mzungumze, asubuhi aamue kabla hayajafutwa. Ningekuachia ufunguo. Asingejua mtu."

Kila jioni. Fikiria umekaa na njaa miaka, halafu mtu anakufungulia jiko na kukuambia kula. Bi Subilaga alijiona ameketi pale na blanketi magotini, mume wake akifoka kuhusu walimu, yeye akimwambia punguza sauti.

Simu yake ikaita. Alikuwa Tumpe, bintiye, kutoka Dodoma.

"Mama, wameshapiga kura?"

"Bado."

"Umemsikia baba?"

"Nimemsikia."

Tumpe akaanza kulia kule aliko. "Mama, mimi sikuwahi kumuaga, unajua. Nilichelewa basi. Nitakuja mwezi ujao, nitapanga foleni kama watu wengine, nimwambie hata shikamoo tu. Usiwaachie wamfute, mama. Nakuomba, usimuue baba."

"Nimekusikia, mwanangu," akasema Bi Subilaga.

Alipokata simu alibaki na ufunguo ambao bado hajapewa. Nyonga yake ilikuwa inamsumbua, wakati wa mvua alikuwa hatoki nje siku kadhaa mfululizo. Siku hizo nani angemtazama usoni, na uso wenyewe uko wapi? Walimu wote wa wilaya, na kila mmoja nyumbani kwake ana jambo lililofungwa kwa kanga, kazi zao zingening'inia kwenye afya ya kikongwe mmoja anayeingia ofisini kwa siri. Na siku atakapokufa yeye? Angemwacha pale mezani, mwepesi, mkali, hachoki, hazeeki, amevaa jina la mtu mwema. Watu wangesema, Mwalimu Asajile amenifukuza. Watoto wao wangekua wakilichukia jina hilo. Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote.

"Mhandisi," akasema, "mrudishe kama mlivyomleta. Asije akaonekana tumemharibu."

* * *

Kura ilikuwa fupi. Kasyupa alichagua kivuli. Bwana Lwitiko alipapasa karatasi zake, akasema anajua atachekwa, lakini anamchagua Mwalimu Kibona, kwa sababu walimu walimtuma hivyo. Wote wawili wakamgeukia Bi Subilaga, na Kasyupa alikuwa ameshaanza kufunga faili, maana kura ya mke nani asiyeijua.

"Mwalimu Kibona," akasema.

Kasyupa akaweka kalamu chini. "Mama Tumpe, umesikia mwenyewe majibu yake yule bwana. Tupe sababu tuandike."

Angeweza kusema. Lakini sababu yake ilikuwa imefungwa ndani ya siri ya mwanamke aliyepona na sasa anauza vitambaa sokoni kwa heshima zake. Akasema, "Andika kwamba alisema hajui."

"Hiyo si sababu."

"Ndiyo niliyonayo."

Alimwona Kasyupa akimtazama, na alijua kitakachosemwa mjini kabla jua halijazama: kwamba kumbe ndoa ile ilikuwa ya machozi, kumbe mama alikuwa na kisasi, amemngoja marehemu mpaka amempata. Tumpe naye angesikia. Angemwelezaje Tumpe? Hakujua. Aliumwa moyo waziwazi, kama mtu anayeumwa jino.

Kanuni ilitaka mjumbe mmoja awaeleze waombaji matokeo kwa mdomo. Bi Subilaga akasema ataifanya yeye kazi hiyo.

Gwamaka aliruka kutoka kwenye benchi, hakuamini, akaushika mkono wake kwa mikono miwili. "Mama! Mimi? Mbele ya Mwalimu?" Macho yalimjaa maji. "Najisikia kama nimemnyang'anya baba yangu. Lakini mama, najua angefurahi. Yule mzee alinipenda tangu siku ya kwanza. Wengine aliwafokea, mimi hajawahi kunikasirikia hata siku moja."

"Hajawahi," akasema Bi Subilaga. "Nenda kamwambie mkeo."

Kisha akaingia chumba cha mitambo. Kokubanza alikuwa peke yake na kile chombo, mkono wake uko karibu na swichi lakini haujaigusa.

"Mwalimu," Bi Subilaga akasema, akakaa. "Jopo limemaliza. Hukuchaguliwa."

"Nimeelewa," akasema Mwalimu Asajile papo hapo. "Uamuzi ni halali. Namtakia mwenzangu kila la heri. Hii ni mara ya tatu, kwa hiyo nitafutwa leo. Kuna jambo lingine?"

Alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo. Alitaka asite. Alitaka aulize kwa nini, agongegonge meza, aseme huu ni uonevu, aombe hata siku moja ya kufikiria. Angelia naye. Lakini aliipokea hukumu yake kwa wepesi ule ule ambao angemhukumia mwalimu mtoro, na ndipo mjane alipojua kwamba alikuwa amechagua sawa, na kujua hivyo hakukumsaidia kitu.

"Baba Tumpe," akasema. "Ni mimi."

"Samahani, mama, sina taarifa hiyo. Lakini kama una tatizo la shule, lilete. Muda bado upo."

Bi Subilaga alimtazama Kokubanza. Mhandisi akautoa mkono wake kwenye swichi, akaukunja kifuani.

"Lipo," akasema Bi Subilaga. "Shule ya Lupando. Choo cha wasichana hakina mlango."

"Hilo halingoji. Mkuu wa shule aagize mbao kesho asubuhi kwa fungu la ukarabati, na wakati huo wasichana watumie choo cha walimu. Lingine?"

Akamtajia daraja la watoto wa ng'ambo ya mto. Mwalimu akampa jibu. Akamtajia mwalimu mmoja anayefundisha madarasa manne, akampa jibu, refu, na ile namna yake ya kuvuta neno "ndugu", naye akalisikiliza jibu lote amefumba macho. Akataja madawati. Akataja uji. Akaitafuta wilaya nzima kichwani, shule kwa shule, mpaka shida za kweli zikamwishia, akaanza kutunga.

"Kuna shule moja," akasema, "ipo kule juu ya msitu, inaitwa Shule ya Msingi Tumpale. Ni nzuri sana. Watoto wake ni wengi. Paa lake linavuja."

"Mama, shule hiyo haipo katika wilaya hii."

"Itajengwa."

"Vizuri," akasema Mwalimu Asajile. "Basi ikishajengwa, niletee habari zake, nitakuja mwenyewe kuliona hilo paa."

"Nitakuletea," akasema mkewe, na akampa mhandisi ishara kwa kichwa, kwa sababu hakuwa na shule nyingine.